Kamera isimame, mtu ndo atembee

Habari zenu jamani. Asanteni kwa kuja, na nyie mliosimama kule nyuma sogeeni tu mbele mkae hata chini, hakuna shida, ntajitahidi nisiwachoshe. Nimeombwa niongelee namna ya kutengeneza filamu fupi za kuchekesha kwa kamkoda, ile kamera ndogo ya video ambayo watu wengi wanainunua wamrekodi mtoto akianza kutembea, alafu baada ya hapo inakaa kabatini mpaka betri inakufa. Mi nimeanza na hiyo na mpaka leo naipenda. Na kuna kitu kimoja tu nataka mtoke nacho hapa, mengine yote ntakayosema yanazunguka hapo hapo: kwenye komedi kamera isimame, mtu ndo atembee.

Ngoja niwape kisa cha kiti kwanza, manake bila hicho kisa hamtanielewa.

Tulikuwa wanne, kamkoda ya kuazima, kanda moja ya dakika 60 na chumba chenye meza. Wazo letu lilikuwa dogo sana. Kijana amekuja kwenye usaili wa kazi, amekalishwa kwenye kile kiti cha ofisi cha kupandisha na kushusha, na kiti ni kibovu, kinashuka chenyewe polepole. Yeye anaitaka hiyo kazi kwahiyo hawezi kusema kiti chenu kibovu. Anaendelea kujibu maswali kwa adabu zote huku anazama, kidevu kinafika usawa wa meza, inafuata pua, mpaka yanabaki macho mawili na nywele, na bado anasema ndiyo mheshimiwa, naweza kufanya kazi katika mazingira yoyote.

Ukiisimulia tu watu wanacheka. Sisi wenyewe tulicheka siku nzima. Tukaipiga, kamera nimeishika mi mwenyewe mkononi, nikapiga uso wake kwa karibu, nikapiga mkono umeng'ang'ania meza, nikapiga magurudumu ya kiti, nikapiga bosi anashangaa, nikavuta zumu nikarudisha zumu, shoti zaidi ya ishirini kwa kitu cha dakika mbili. Tukaediti usiku kucha. Kesho yake tukawaita watu kama kumi waangalie na hakuna aliyecheka. Hakuna hata mmoja jamani. Dada mmoja akauliza kwa upole kabisa, huyu kaka anaumwa?

Hilo swali sijalisahau mpaka leo, kwasababu lilikuwa na jibu ndani yake. Nilipompiga uso kwa karibu meza haikuwepo kwenye picha, na kama meza haipo basi mtu hashuki, manake kushuka kunaonekana pale tu pana kitu kingine ambacho hakishuki. Kibaya zaidi, kila alipozama nilikuwa namfuata na kamera ili abaki katikati ya fremu, yani ndani ya ile picha kamera inayoiona, kwahiyo kichekesho chote nilikifuta kwa mkono wangu huku nikidhani nafanya kazi nzuri. Walichokiona wale watu ni mwanaume anatokwa jasho na kukunja uso. Kweli alionekana anaumwa.

Wiki iliyofuata tukarudi na stendi. Kamera nikaiweka mbali, meza katikati ya fremu, bosi kushoto, kijana kulia, nikabonyeza rekodi nikaondoa mikono. Shoti moja tu ya dakika moja na kidogo. Na hapo tukagundua jambo lingine la kitaalamu ambalo litawafaa: kiti chenyewe hakikuwa na msaada wowote. Ukivuta kile kishikio cha pembeni cha kushushia na mtu mzima amekaa juu, kinashuka sekunde moja puu, hakuna polepole. Tukakitoa. Yule mwenzetu akasimama nyuma ya meza amekunja magoti, mbele ya meza tukafunika na shuka gumu, akawa anachuchumaa kidogo kidogo kwa mapaja yake mwenyewe huku mgongo umenyooka kama amekaa. Teki ya nne, yani mara ya nne tunairudia shoti, mapaja yakaanza kutetemeka na uso ukatetemeka pamoja nayo, na ule mtetemeko ukawa ndo mtu anayepigania heshima yake. Ndo teki tuliyoitumia. Tulipoionyesha kwa watu wengine walianza kucheka kidevu kilipogusa meza na hawakunyamaza mpaka mwisho.

Watu wale wale wa kuigiza, chumba kile kile, kamkoda ile ile. Kilichobadilika ni mahali nilipoiweka kamera na kwamba sikuishika.

Sasa hii sio akili yangu, wazee wa kazi waliijua tangu siku ya kwanza. Mwaka 1895 kule Ufaransa ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walipiga filamu ambayo inahesabika kati ya komedi za kwanza kabisa duniani. Haifiki hata dakika moja. Mtu anamwagilia bustani kwa mpira, kijana anakuja nyuma anakanyaga mpira, maji yanakata, mtu anachungulia mdomo wa mpira kuona kuna nini, kijana anaondoa mguu, maji yote usoni. Basi. Kamera imesimama sehemu moja mwanzo mpaka mwisho, na mle ndani ya fremu unawaona wote wawili kwa wakati mmoja, yule anayejua na yule asiyejua. Ukiikata ile kwa shoti za karibu umeimaliza, manake raha yake ni kwamba wewe mtazamaji unaona mguu na yeye hauoni. Alafu angalia kijana anapokimbia: kamera haimfuati. Yule mwagiliaji anamkimbiza, anamkamata na kumrudisha mbele pale pale tunapomuona vizuri. Kamera yao ilikuwa inabeba mkanda wa kama sekunde 50 tu kwahiyo hawakuwa na nafasi ya kuzurura, na nadhani ule uhaba uliwasaidia.

Na Buster Keaton, yule Mmarekani wa enzi za filamu zisizo na sauti, mwaka 1928 alisimama akaangushiwa ukuta wa mbele wa nyumba nzima na dirisha lililo wazi likampitia yeye katikati. Alitaka kionekane kwa upana, nyumba yote na mtu wote, ili usiseme umedanganywa. Ile ya ukuta msijaribu, nasema kwa dhati kabisa, hakuna kicheko chenye thamani ya shingo ya mtu na mimi mtu akiniletea wazo la kuruka toka juu ya paa namwambia tafuta lingine. Ila lile wazo la upana lichukueni.

Haya, sasa kwanini nasema kamkoda inafaa kwa hili na sio kwamba ni ya kujishikiza tu mpaka upate kamera kubwa. Ndani ya kamkoda za nyumbani kile kisensa kinachopokea picha ni kidogo sana, nyingi ni robo ya inchi au hata moja ya sita ya inchi. Watu wanaopenda picha za kisinema, ile ya uso uko wazi na nyuma pamefifia kama ukungu, wanaichukia kwa hilo, kwasababu kisensa kidogo kinafanya kila kitu kionekane, aliye mbele na aliye mbali wote wako wazi. Wao wanaita kasoro. Kwenye komedi hiyo ni mali! Manake naweza kumuweka mtu mbele anaongea na simu kwa majivuno, na kule nyuma kabisa, mita nane huko, mwenzake anapambana na mlango usiofunguka, na mtazamaji anawaona wote bila mimi kumwonyesha kwa kidole. Akikigundua mwenyewe anacheka zaidi. Ukifanya hivo na kamera ya bei kubwa yenye kisensa kikubwa unahitaji mwanga mwingi na hesabu za lenzi, hapa umepewa bure.

Tatizo la kamkoda kwenye chumba kidogo ni kwamba lenzi zake nyingi hazina upana wa kutosha, zilitengenezwa kwa kuvuta vitu vya mbali. Kwahiyo unarudi nyuma mpaka unagonga ukuta na bado miguu ya watu imekatwa. Fungua mlango utoke nje, kamera ikae koridoni ichungulie ndani. Au dirishani. Mi nimeshapiga sini nzima kamera iko ndani ya kabati la nguo milango imeachwa wazi. Na ile zumu ya dijitali ambayo maboksi yake yanaandika mara mia ngapi sijui, nenda kwenye menyu uizime kabisa usiione tena, haivuti chochote, inakuza vitone tu.

Alafu zima oto, yani ile kamera kujirekebisha yenyewe. Hapa nitakaa kidogo kwasababu kamkoda imetengenezwa kumsaidia mtu asiyejua, na msaada wake unaharibu utani. Fokasi, ule ukali wa picha, ikiwa oto, mtu akikatiza mbele ya mwenzake kamera inaanza kuhangaika, picha inafifia inarudi inafifia, na hiyo inatokea pale pale ambapo mtazamaji alitakiwa aone sura. Kwahiyo vuta zumu kwenye macho ya mwigizaji, iache ishike fokasi, ifunge iwe manyuo, yani ya kuweka kwa mkono, rudisha zumu, usiguse tena. Mwanga hivo hivo: mlango ukifunguliwa na jua likaingia, oto inaitia chumba chote giza kwa ajili ya ule mlango, na kama utani wako ni sura ya mtu aliye ndani ya chumba, umeupoteza. Funga mwanga kwenye menyu kabla. Rangi nayo, ile white balance, ukiiacha oto chumba kinabadilika toka njano kwenda bluu katikati ya sentensi. Shika karatasi nyeupe mbele ya kamera chini ya taa ile ile utakayotumia, iseti, imeisha. Na kama taa zinawaka zinacheza kwenye picha, angalia umeme wa mahali ulipo, kama ni hezi 50 basi shata, yani ule muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha, iwe sekunde 1 kwa 50, kama ni hezi 60 iwe 1 kwa 60. Ukiwa juu ya stendi kizuia mtikisiko nacho kizime, kuna wakati kinavuta picha chenyewe wakati kamera imetulia.

Sasa sauti. Jamani sauti. Kama mnaandika andikeni hapa.

Mtu anavumilia picha mbaya. Anaangalia video yenye ukungu, yenye vitone, iliyopigwa usiku, na anacheka kama neno limesikika. Ila akikosa neno moja tu la mwisho, lile lenye utani, basi, huwezi kumrudisha. Na kamkoda ina maiki yake pale juu ya mwili wa kamera, ambapo kitu kilicho karibu nayo kuliko vyote ni pua ya mpiga picha. Anayesikika vizuri kuliko wote kwenye filamu zangu za mwanzo ni mimi nikihema, na mota ya kanda ikizunguka, na kidole changu kikibonyeza zumu. Waigizaji wako mita nne. Ukirudisha kamera nyuma ili upate ule upana niliousema, sauti ndo inakufa zaidi, manake kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6, kile kipimo cha ukubwa wa sauti. Kwahiyo nikiwaambia kamera isimame mbali, lazima niwaambie pia maiki iende karibu, haya mambo mawili ni pacha, ukichukua moja ukaacha lingine filamu haisikiki.

Njia iko. Angalia ubavuni mwa kamkoda yako kama kuna tundu la maiki la milimita 3.5, na kama unataka kununua kamkoda iliyotumika hilo tundu liwe swali lako la kwanza kabla hujauliza kitu kingine chochote, pamoja na tundu la hedifoni. Chomeka maiki yenye waya mrefu, ifunge kwenye mpini wa ufagio, mtu mmoja aishike juu ya vichwa vya waigizaji nje ya fremu. Au ile ndogo ya kubana kwenye shati. Kama hakuna tundu, chukua simu, washa kinasa sauti, ifiche mezani nyuma ya kitabu au mfukoni mwa shati, alafu kabla ya kuanza piga kofi moja mbele ya kamera, kwenye kuediti unaoanisha lile kofi la simu na lile la kamera vinakaa sawa. Na mtu avae hedifoni muda wote. Muda wote jamani, sio kujaribu mwanzo tu. Tulishawahi kupiga mchana mzima na waya wa maiki umechomoka nusu.

Alafu kuna kitu kinaitwa kuongeza sauti kwa oto, kamkoda nyingi zinacho, na hiki ndo adui mkubwa wa komedi ambaye watu hawamjui. Kamera ikisikia kimya inadhani kuna tatizo, inajiongeza yenyewe, na pole pole unasikia shhhhhh inapanda kama upepo. Sasa fikiria. Kichekesho kinakaa wapi? Kwenye kimya. Mtu amesema uongo, mwenzake anamwangalia, sekunde mbili, tatu, hakuna anayesema kitu, pale ndo watu wanaanza kutikisika mabega. Na pale pale kamera inakuletea upepo. Ukiweza zima hiyo oto uweke sauti kwa mkono. Usipoweza, kabla ya kuondoka lokesheni nyamazeni wote mrekodi kimya cha kile chumba nusu dakika nzima, mkifika kwenye kuediti mnakitandika mahali pa ule upepo mliouondoa. Kila chumba kina kimya chake, cha jikoni sio cha chumbani, ukisikiliza kwa hedifoni utanielewa.

Ile sauti ya kiti kushuka, ile fsssss, hatukuwa na kiti tena si mnakumbuka. Tuliitengeneza baadae kwa tairi la baiskeli, mtu anabonyeza kijiti cha vali taratibu karibu na maiki. Kila mara alipojibu swali tukaweka kafsss kadogo baada ya jibu, sio wakati wa jibu, baada. Tulijaribu kuweka juu ya maneno ikawa kelele tu.

Kuhusu skripti sitosema mengi. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja, na filamu yako ya kwanza isizidi kurasa tatu. Andika unachokiweza: una chumba, andika chumba, una rafiki mrefu na rafiki mfupi, andika hao. Watu wanaanza kwa kuandika mkimbizano wa magari alafu wanalalamika hawana hela. Swali langu nikisoma skripti ya mtu ni moja, huyu mtu anataka nini na kwanini hawezi kusema? Kijana anataka kazi na hawezi kusema kiti kinashuka. Ukiwa na hivo viwili maneno yanakuja yenyewe na wala hayatakiwi kuwa ya kuchekesha. Nawasihi sana, msiandike vituko kwenye mdomo wa kila mtu, mwigizaji anayejua kwamba yeye anachekesha anaanza kukonyeza, kutoa macho, kupaza sauti, na mtazamaji anakaa kimya kwasababu kazi yake imeshafanywa na mwingine. Yule kijana wa kiti niliomba kitu kimoja tu, cheza kama hii kazi usipoipata mama yako atalia. Akacheza hivo, na ndo maana watu walicheka, manake walimpenda.

Kwenye kupiga sasa. Filamu ya kuchekesha inapigwa na watu wanaocheka, na hilo ni tatizo la kweli. Anayeshika ufagio wa maiki anacheka, maiki inatikisika, teki imekufa. Sheria yetu ilikuwa, asiye na kazi kwenye shoti hii anatoka nje. Aliyebaki anang'ata kola ya shati lake. Na msidanganyike na kicheko chenu wenyewe, teki ya kwanza mnacheka kwasababu ni mpya, teki ya sita hamcheki mnadhani imeharibika, mnaanza kuongeza vituko, teki ya kumi ni vurugu. Mara nyingi nzuri ni ya tatu au ya nne, mwigizaji ameshazoea na hajachoka. Ile taa nyekundu ya mbele ya kamera inayoonyesha inarekodi ibandike kipande cha gundi nyeusi, watu wasio waigizaji wakiiona macho yanaganda. Kabla ya mtu kuanza acha kamera irekodi kama sekunde tano hadi kumi, na akimaliza usikimbilie kuzima, mwache pale hajui kama umezima. Vitu vizuri sana nimevipata kwenye zile sekunde za mwisho mtu anajishusha pumzi akidhani kazi imeisha.

Mwanga haraka haraka. Mchana, dirisha kubwa pembeni ya waigizaji sio nyuma yao, shuka jeupe au ubao mweupe upande wa pili urudishe mwanga. Inatosha. Kamkoda gizani inatoa vitone vinavyotambaa kama sisimizi, kwahiyo washa kila taa uliyonayo. Komedi haihitaji vivuli vya kutisha, inahitaji macho ya mtu yaonekane.

Kuediti. Zamani za kanda, hizi MiniDV zilizoanza mwaka 1995, kuingiza kwenye kompyuta ilikuwa muda ule ule wa kurekodi, saa moja ya kanda ni saa moja umekaa unaangalia, na inakula kama gigabaiti 13 za hadidiski. Watu walikuwa wanaona mateso, na mimi pia, ila siku hizi nakumbuka ile saa kwa heshima kwasababu ilikulazimisha uone kila kitu, hata yale makosa, na kwenye makosa ndo unakuta mtu amepiga chafya kwa namna ambayo hakuna mwandishi angeiandika. Sasa hivi kwa memori kadi unakopi dakika mbili, unaruka ruka, unavikosa. Nawaomba mkae muangalie vyote. Vyote kabisa, mkiandika pembeni.

Alafu mkiwa mnakata, jueni kwamba fremu moja, hapa nasema ile picha moja moja inayounda video, kwenye mfumo wa 25 kwa sekunde ni sehemu 0.04 ya sekunde, unaweza kudhani haina maana. Kuna sini yetu moja mtu anafungua mlango, anaona kitu, anaufunga. Ilikuwa haichekeshi. Tukaondoa fremu sita kabla ya kuufunga, robo sekunde tu, bado. Tukazirudisha tukaongeza kumi na mbili, yani sasa anasimama pale zaidi kidogo anaangalia, alafu ndo anafunga. Watu wakaangua kicheko. Sina kanuni ya kuwapa hapo, wakati mwingine ni kupunguza wakati mwingine ni kuongeza, ila najua kwamba mtu anahitaji muda wa kufikiri "sasa atafanyaje" na kabla hajamaliza kufikiri mwigizaji awe ameshafanya. Kata kwa sikio zaidi kuliko jicho, funga macho usikilize, ukisikia pana mahali pananata, hapo ndo pabovu. Na kama umepiga shoti moja ndefu kama ya kiti, bado pigeni uso wa yule anayeangalia, bosi, sekunde kumi tofauti tofauti za kushangaa, za kujizuia, za kutazama saa. Hiyo ndo akiba yako, ukikuta katikati panalegea unaruka kwa bosi unarudi, hakuna anayejua kwamba umekata sekunde tano. Mkipandisha mtandaoni kutoka kanda, kumbukeni kuondoa ile mistari kama meno ya kitana inayotokea mtu akitembea haraka, programu nyingi zina kitufe cha kuiondoa. Na muziki msichukue wa watu. Mtafute rafiki mwenye gitaa au ngoma, au msiweke kabisa, kimya niliwaambia kina kazi.

Mkimaliza waonyesheni watu wasiowajua. Marafiki wanacheka kwasababu wanamjua mwigizaji. Kaeni pembeni mwangalie sura za watu, sio skrini, filamu mnaijua tayari. Muwe na karatasi, andikeni sekunde ya ngapi wamecheka, sekunde ya ngapi mtu ameshika simu. Nikifanya hivo huwa naumia, kuna vitu nilivipenda sana havikupata hata tabasamu nikavitoa, na kuna mahali watu walicheka mpaka wakalifunika neno lililofuata, pale tukarudi tukaongeza sekunde moja ya kupumua.

Kuna kaka hapa mbele kabla sijaanza aliniuliza, kwanini uhangaike na kamkoda wakati simu ina picha safi zaidi. Ni swali zuri na sina ugomvi na simu, kama ndo ulichonacho piga nayo leo leo. Ila kamkoda hakuna anayeipigia simu katikati ya teki. Chini ina tundu la stendi, ubavuni zingine zina tundu la maiki, zumu yake ni ya lenzi kweli, na ukigeuza kile kiskrini cha pembeni mwigizaji anajiona baada ya teki mkajadiliana. Vitu vya kawaida siku hizi, ila kamkoda ya kwanza ya nyumbani aliyotoa Sony mwaka 1983 ilikuwa inarekodi tu, haikuweza hata kukuonyesha ulichopiga, ulisubiri ufike nyumbani. Na kamkoda za watu ziko kabatini zimekaa. Muulize mjomba, muulize shangazi, utapewa na begi lake.

Basi, nimeongea vya kutosha. Ile pale mezani ni kamkoda, betri imejaa, nimeshaweka kanda na taa nyekundu nimeibandika. Meza ndo hii. Nahitaji watu wawili, mmoja awe bosi na mmoja mwenye mapaja yenye nguvu, na wewe dada uliyekaa karibu na mlango naomba unishikie huu ufagio. Wengine hedifoni ni moja, mtapokezana.